Mafundi wa bima waliniharibia vyombo, sasa naambiwa bima yangu ni ya jengo tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mshona nguo, naishi Chumbageni hapa Tanga. Nyumba yetu tumeijenga kwa mkopo, na benki ndiyo iliyotukatia bima. Makato yake yanaondoka pamoja na marejesho ya kila mwezi. Mwezi wa pili jikoni palishika moto usiku kwa hitilafu ya soketi. Majirani na watu wa zimamoto waliuwahi, lakini kenchi za upande wa nyuma ziliungua, dari ya chumba kimoja ikaanguka na sebule ikajaa masizi.

Kampuni ya bima ilimtuma mkadiria hasara, akapima na kupiga picha. Baadaye tukaambiwa hatutapewa fedha mkononi, watatutengenezea kwa mkandarasi wao kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa na fundi wangu hapa mtaani ninayemwamini, wakamkataa.

Mafundi walifika mwezi wa nne. Msimamizi wao alinipa karatasi nisaini ya kuwaruhusu waingie kufanya kazi, nakala sikupewa. Nilimwomba anipe siku moja nihamishie vyombo kwa wifi yangu Makorora, akasema, "Mama usisumbuke, vijana watavipanga na tutavifunika." Wakavirundika vyote chumbani kwangu. Ijumaa mchana wakaezua bati za upande ule ule, wakatandika turubai moja lililotoboka, wakaondoka. Usiku mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Simu ya msimamizi iliita tu.

Godoro limelowa na kuvunda, kabati la mninga limevimba milango haifungi, friji haiwaki tena, zulia limebaki na madoa ya kutu. Kabla ya hapo walikuwa wameiburuta cherehani yangu ikaanguka kizingitini, kichwa kikapasuka. Juma lililofuata wakamwaga ndoo ya rangi juu ya vitambaa vya wateja wangu. Na kasha la marehemu mama yangu, alilopewa siku ya harusi yake, wakalitumia kusimamia wakati wa kupaka rangi, mfuniko ukapasuka na njumu zikang'oka.

Nimepiga hesabu bila kasha: milioni moja na laki tano na nusu. Mkandarasi ananiambia niulize bima. Bima wanasema bima yangu ni ya jengo tu, vyombo vya ndani havimo. Juzi ofisa wao amepiga simu kuwa mkandarasi atanipa laki mbili za kifuta jasho, ila nisaini kwanza karatasi kuwa kazi imekamilika na sidai chochote. Mume wangu anasema tusaini yaishe, tusije tukagombana na benki. Mimi moyo unakataa. Nifanyeje?

Mshona nguo, Chumbageni

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa moto, na pole zaidi kwa yaliyofuata, maana si moto uliokuletea chumbani mtu wa kusimama juu ya kasha la mama yako.

Nianze na la haraka: hiyo karatasi usiisaini. Mwambie baba watoto avute subira. Ukishaandika kwamba kazi imekamilika na hudai chochote, hata wakili hodari atapata taabu kukutoa hapo. Wakikubana, waambie wazigawe karatasi mbili. Moja iseme paa na dari vimetengenezwa, kama kweli vimetengenezwa na umeridhika navyo. Suala la vyombo libaki wazi, tena liandikwe kuwa liko wazi. Wakikupa laki mbili bila masharti, zipokee, na kwenye risiti andika kwa mkono wako kwamba ni malipo ya sehemu.

Sasa tuje kwenye maneno waliyokufungia nayo mlango, kwamba bima yako ni ya jengo tu. Inawezekana kabisa ni kweli. Bima inayokatwa kwa ajili ya mkopo wa nyumba mara nyingi hulinda kile ambacho benki imekishikilia, yaani nyumba yenyewe. Vyombo vya ndani hukatiwa bima yake, na watu wengi hawaambiwi hilo siku ya kusaini mkopo. Kama moto ungekuunguzia kabati, kwa bima ya namna hiyo usingelipwa kabati.

Lakini kabati lako halikuungua. Lilivuka moto likiwa zima, likaharibiwa na watu walioletwa kuitengeneza nyumba. Kesi yako yote imesimama hapa, kwa hiyo lishike vizuri: wewe hudai bima ya vyombo. Unadai fidia kwa mali iliyoharibiwa na uzembe wa kazi. Dai la paa lilitokana na moto, na hati ya bima ndiyo inayoliongoza. Dai la vyombo limetokana na mafundi, na hati ya bima haiwezi kulizima kwa kusema vyombo havimo. Kwa sababu hiyo hiyo, wasijaribu kukukata tena ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe. Ile ni ya moto. Haina mahali kwenye cherehani iliyoburutwa.

Watakuja na hoja ya pili: mkandarasi anajitegemea, mfuate yeye. Sitakuficha, hoja hiyo ina uzito wake. Kwa kawaida anayempa kazi mkandarasi anayejitegemea habebeshwi kila kosa la mkandarasi huyo. Ila wewe si mpita njia aliyeangukiwa na tofali la mtu. Wewe una bima nao, nao walikuwa na njia mbili, kulipa fedha au kutengeneza, wakachagua kutengeneza. Uingereza mwaka 1859, katika kesi ya Brown dhidi ya Royal Insurance, mahakama iliamua kwamba kampuni ya bima ikishachagua kutengeneza inafungwa na uchaguzi wake, ikawa kama aliyeingia mkataba wa kujenga. Huku kwetu misingi ya sheria ya Kiingereza ilipokelewa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hivyo kesi ya zamani kama hiyo wakili anaweza kuisimamisha mbele ya hakimu. Aliyejifunga kufanya kazi hawezi kuukwepa mkataba wake kwa kusema nilimtuma mwingine. Tena wewe ulikuwa na fundi wako, wakamkataa. Ukweli huo uuandike kwenye barua yako mapema, usiuache uwe wa kusimuliwa tu.

Kwa hiyo usichague mmoja wa kumdai. Wadai wote wawili, kampuni ya bima na mkandarasi, kwa barua moja yenye majina yote mawili. Hao wanaokurushiana kama mpira watalazimika kukaa wao kwa wao waamue nani anatoa ngapi. Mkandarasi muulize pia, kwa maandishi, kama ana bima inayolipa mali ya watu wengine inayoharibika akiwa kazini. Makandarasi wengi wa kueleweka wanayo, na pengine hizo laki mbili anazitoa mfukoni ili bima yake isiguswe.

Kuhusu karatasi uliyosaini siku ya kwanza, idai nakala leo. Huenda imeandikwa kuwa mwenye nyumba aondoe mali zake mwenyewe. Hata ikiwa hivyo, wewe uliomba kuziondoa, msimamizi akakuzuia, akachukua jukumu la kuzipanga na kuzifunika, na vijana wake ndio waliozibeba kwa mikono yao. Kama kuna mtu alisikia maneno yale, mwanao mkubwa, jirani, hata yule wifi uliyempigia simu kumwambia kuwa huji tena, jina lake liwemo kwenye barua.

Na mvua je? Nakuapia watakuambia mvua ni ya Mungu. Ni kweli ni ya Mungu, lakini Tanga mwezi wa nne ni masika, na hakuna fundi asiyejua hilo, awe wa Dar es Salaam au wa Pongwe. Kuezua bati Ijumaa katikati ya masika, ukaacha turubai moja lenye matundu na simu isiyopokelewa, ni uamuzi wa binadamu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku. Kama siku ile mvua ilitabiriwa, tafuta taarifa hiyo uiambatishe.

Ushahidi wako kusanya sasa hivi vitu vikiwa bado vinaonekana vilivyo. Piga picha ya kila kitu kwanza kwa mbali, kionekane kiko chumba gani, halafu kwa karibu: mlango wa kabati uliovimba ukisukumwa na haufiki mwisho, ufa wa kichwa cha cherehani, mashimo ya njumu kwenye mfuniko. Kama una picha za zamani, za sikukuu au za mtoto alipomaliza madrasa, ambamo kabati au kasha linaonekana likiwa zima, hizo ni dhahabu. Mkadiria hasara naye alipiga picha baada ya moto, kabla mafundi hawajaja. Zidai picha zile. Zikionyesha vyombo vyako vikiwa vizima mwezi wa pili, mjadala wa kuwa vilikuwa vibovu tangu zamani umekwisha.

Mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aje aone kwa macho yake, aandike barua fupi ya alichokiona, aweke mhuri na tarehe. Si hukumu, lakini ni shahidi ambaye hana ndugu kwenye kesi yako. Meseji za WhatsApp na orodha ya simu ulizompigia msimamizi usizifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani.

Tuingie kwenye fedha, na hapa nataka uwe mkweli kuliko wao. Kitu kinachotengenezeka, dai gharama ya matengenezo. Kitu kilichokufa, dai bei yake kama kilivyokuwa asubuhi ile kabla hakijaharibiwa, na siyo bei ya kipya dukani. Zulia la miaka minane ukilitaka kwa bei ya zulia jipya, watalishika hilo moja na kulitumia kukuonyesha kuwa unajitajirisha. Zunguka Ngamiani kwa wauza vyombo vilivyotumika, ulizia bei, omba profoma zenye mhuri. Kabati la mninga mpe seremala alikague aandike gharama ya kuondoa milango, kuranda na kupiga vanishi upya. Mninga mzuri haufi kwa usiku mmoja wa mvua, kwa hiyo huenda gharama ikawa ndogo kuliko uliyoiwazia. Friji vilevile, fundi aandike kilichoungua ni nini. Lakini wao nao wasikupunguzie kwa kukisia. Wakisema uchakavu, waulize wametumia kipimo gani, kwa kitu gani, nao waandike.

Cherehani ni habari nyingine, na nadhani hujaipa uzito wake. Kwenye hesabu yako umeweka bei ya kutengeneza tu. Ile ni kazi yako. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinatoa fidia kwa hasara inayotokea kwa kawaida mkataba unapovunjwa, au ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kuwa ingeweza kutokea. Hakitoi fidia kwa hasara ya mbali mno, yaani isiyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba. Je, walijua kuwa unaishi kwa kushona? Mafundi walikukuta na cherehani, vitambaa vimekunjwa vikiwa na majina ya wateja, na bila shaka watu wakija kupimwa. Walijua. Kwa hiyo toa daftari lako la oda, ukokotoe ulichokuwa ukipata kwa wiki kabla ya cherehani kuanguka na ulichopata baada yake. Kama huna daftari, meseji za wateja na miamala ya simu ya malipo ya awali inatosha kuanzia.

Ila kifungu hicho hicho kinaangalia pia wewe ulifanya nini kupunguza hasara. Usikae miezi minne mikono kifuani ukingojea kulipwa cherehani ili udai miezi minne. Azima au kodi nyingine uendelee, hifadhi risiti ya kukodi, na hiyo kodi uidai. Hivyo hivyo kwa vyombo: anika kinachoanikika.

Vitambaa vya wateja si vyako, na hao watu wanakutazama wewe. Wafidie au kubalianeni, kila mmoja asaini kuwa amepokea kitambaa au fedha kutoka kwako, na karatasi hizo ziingie kwenye dai. Mshona nguo akipoteza jina hapa mjini, hakuna bima ya kumrudishia.

Kasha. Nimeliacha nyuma kwa makusudi kwa sababu naona umeliacha nje ya hesabu, kama kwamba halina bei. Machungu yako juu yake hakuna atakayeyalipa, na usiyaandike kwenye barua, yatapoza hoja nyingine. Lakini kasha la zamani la njumu za shaba lina bei sokoni, tena kubwa, na watu hulitafuta. Tafuta seremala anayejua nakshi, si yule wa milango na madirisha, aandike mambo mawili: gharama ya kulitengeneza kwa mbao na shaba za aina ile ile, na kiasi ambacho thamani yake imeshuka hata likishatengenezwa. Yote mawili unayadai. Njumu zilizong'oka ziokote, hata zilizopinda, zitie kwenye kopo. Fundi mzuri atazirudisha zile zile. Na mtu yeyote asije akalibeba "kwenda kulitengeneza Dar" bila wewe kuridhia fundi na kuandikiana.

Barua yako isizidi kurasa mbili. Eleza tarehe, nani alifanya nini, kwa nini dai hili si la vyombo chini ya hati ya bima, orodha ya vitu na kiasi, na nafasi ya siku 14 za kujibu kwa maandishi. Maneno makali hayahitajiki. Mfano wa sentensi ya kati: "Uharibifu huu haukusababishwa na moto wa mwezi wa pili bali na kazi iliyofanywa na mkandarasi mliyemchagua ninyi, baada ya kumkataa fundi niliyempendekeza, na baada ya msimamizi wake kunizuia kuhamisha mali zangu." Peleka mwenyewe kwenye ofisi au tawi lao, wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Simu zao zisizo na maandishi zijibu hivi: "Naomba mniandikie."

Siku zikipita kimya, au wakirudi na laki mbili zile zile, upeleke mlolongo huo wote kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo ndiyo inayozisimamia kampuni za bima na kupokea malalamiko dhidi yao. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 mahsusi kwa raia anayezozana na kampuni ya bima. Huduma yake mlalamikaji hailipii. Atataka kuona kuwa ulianza kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana nasisitiza ule mhuri wa kupokea. Mkandarasi naye anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Omba namba yake ya usajili, halafu uihakiki kwenye bodi. Akikutwa hana usajili, kampuni ya bima itakuwa na maswali mengi zaidi ya kujibu kuliko kabati lako.

Mahakama iwe ya mwisho, lakini usiisahau. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, dai la mkataba lina miaka 6 na dai la uzembe miaka 3, na wako watu waliozungushwa na "njoo wiki ijayo" hadi muda ukawaishia. Kabla ya kumlipa wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ustawi wa jamii wa halmashauri watakuelekeza walipo.

Sasa baba watoto na hofu yake ya benki. Namwelewa, mtu mwenye deni huogopa kivuli cha meneja. Lakini kudai fidia ya vyombo hakuvunji sharti la mkopo mkiendelea kulipa marejesho kwa wakati. Kinyume chake, benki ina haja na nyumba iliyotengenezwa sawasawa kuliko hata ninyi. Nakala ya barua ipelekeni kwa ofisa wenu wa mikopo, na hapo hapo mwombeni nakala kamili ya hati ya bima, maana naona mmekuwa mkilipia kitu ambacho hamjawahi kukisoma. Kipengele cha kutafuta ni kile kinachoipa kampuni haki ya kutengeneza badala ya kulipa. Kiambatisheni.

Godoro usilitupe kwanza, hata likinuka. Litoe uani, waandikie kwamba wana siku saba za kuja kulikagua pamoja na friji na zulia, na baada ya hapo utaliondoa kwa sababu ya afya ya watoto. Wasipokuja, mwite tena mjumbe, alione, asaini, ndipo ulitupe.